Umehamia Marekani na watoto? Usiwaweke nyumbani kungoja karatasi

Ebu niambie ukweli. Ukitua nchi ngeni na watoto wawili, huna nyumba, huna kazi bado, ungekaa siku ngapi kabla ya kubisha mlango wa shule? Dadangu alikaa wiki tatu.

Alihamia Texas mwezi wa tisa mwaka jana, baada ya kushinda ile bahati nasibu ya viza. Rafiki yake wa zamani akampa chumba kimoja, yeye na watoto wake wa miaka tisa na sita. Nilikuwa nampigia saa mbili usiku hapa Nairobi, kwao ikiwa saa sita mchana, na kila mara nasikia katuni nyuma yake.

"Kwani hawa hawajaanza shule?"

"Acha kwanza nitafute pesa. Na karatasi zenyewe sina zote."

Unamwelewa, si ndio? Tumelelewa hivyo. Hapa kwetu hata shule inayoitwa ya bure ina pesa ya mtihani, ya dawati, ya chakula. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili juu ya salio la karo, kwa hivyo najua vile miguu huwa mizito ukikaribia dirisha la mhasibu. Uoga huo tunaupakia hadi kwa ndege.

Akanituma Kayole nikachukue ripoti za watoto kwa shule yao ya zamani, ya kibinafsi. Nikaambiwa hakuna ripoti hadi salio la shilingi 14,500 lilipwe. Nikarudi mikono mitupu, na katuni zikaendelea.

Kilichomwokoa ni mama mmoja wa kanisani, Mkenya pia, aliyemwambia, "Wewe, wapeleke kesho. Usingoje kitu." Akaenda. Karani akamuuliza kama ana nyumba yake. Kwa aibu akasema hapana, tumehifadhiwa na rafiki kwa sababu hatuna pesa ya kodi. Alidhani hapo ndipo anafukuzwa. Kumbe jibu hilo ndilo lililofungua mlango.

Sikiza vizuri, hii inaweza kumsaidia jamaa yako. Marekani kuna sheria ya mwaka 1987 inayoitwa McKinney-Vento. Inalinda watoto wasio na makao yao ya kudumu, wakiwemo wanaobanana kwa nyumba ya wengine kwa kukosa pesa. Shule ya umma lazima iwasajili mara moja hata kama hawana ripoti, cheti cha chanjo wala barua ya kuonyesha wanaishi wapi. Hizo karatasi zinatafutwa mtoto akiwa tayari darasani.

Na kama una nyumba? Bado si mlima. Kule anwani yako ndiyo huamua shule ya mtoto, kwa hivyo beba mkataba wa nyumba au bili ya stima. Texas inakupa siku 30 kuleta cheti cha kuzaliwa na ripoti za zamani. Kijitabu cha kliniki usikiache Kenya, kwa sababu chanjo ndizo husumbua. Ile ya tetekuwanga, kwa mfano, haimo kwenye ratiba ya kawaida ya serikali yetu, lakini Texas wanaitaka. Karo haipo. Basi la shule na chakula uliza, usingoje kuambiwa.

Je, kama viza imeisha? Mwaka 1975 Texas ilipitisha sheria ya kuzinyima shule pesa za watoto wasio na vibali vya kuishi nchini. Shule za mji wa Tyler zikaanza kuwadai dola 1,000 kwa mwaka. Wazazi wakaenda kortini, wakijua wanaweza kurudishwa kwao. Mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji 5 dhidi ya 4, kwamba watoto hao hawawezi kunyimwa shule ya umma.

Kitu kingine. Kuna fomu itakuuliza mnaongea lugha gani nyumbani. Wakenya wengi hujaza Kiingereza, eti mtoto asionekane mshamba. Dadangu naye karibu aandike hivyo. Andika Kiswahili kama ndicho mnachoongea. Mtoto atapimwa Kiingereza chake, na kama kinayumba, shule ina wajibu wa kumsaidia bila malipo. Ukidanganya, atakaa nyuma ya darasa akitabasamu bila kuelewa, na mwalimu atadhani ni mzito.

Kwa hivyo kama una sista, binamu au shangazi aliyetua huko juzi, usimuulize tu kama amepata kazi. Muulize watoto wako wapi saa sita mchana.

Siku hizi nikimpigia dadangu saa mbili usiku, nyuma yake ni kimya. Mkubwa yuko gredi ya nne. Salio la Kayole bado lipo, na ripoti yake bado imefungiwa kwa kabati la mwalimu mkuu. Hakuna aliyeiulizia tena.