Samaki wa kidimbwi wakati wa baridi ya kiangazi
Huku milimani Lubero, toka mwezi wa sita mpaka wa nane, usiku maji yanapoa sana. Tilapia, maji yakishuka chini ya digrii 20, anakula kidogo. Kwenye 16 hivi anaacha. Mwaka jana tulikosea sisi wenyewe: tuliendelea kutupa pumba ya mahindi kila asubuhi, kama vile wakati wa mvua. Ikaoza chini, ikamaliza hewa ya maji. Kulipopambazuka samaki walikuwa wanahema juu, na wengi wakakufa. Sasa tunalisha saa sita mchana, kidogo kidogo, wasipokuja, tunaacha. Kina cha maji tunakilinda kisipungue mita moja. Na wavu? Tungojee joto: samaki akikwaruzwa kwenye baridi, anaota ukungu.