Je, Wajua? Imani ya mkulima ina kipimo

Imani haiwekwi kwenye mizani, lakini hupimwa. Mtafiti akipanda Nkoaranga, kwenye miteremko ya Meru, hamuulizi mkulima wa kahawa kama anauamini ushirika wake. Humuuliza kama mizani yao ni sahihi, kama malipo huja kwa wakati, kama atawapelekea kahawa msimu ujao. Kila jibu hupewa alama, 1 hadi 5.

Alama hizo huunganishwa kwa njia iitwayo PLS. Mwasisi wake ni Herman Wold, mwanatakwimu wa Sweden aliyezaliwa Norway siku ya Krismasi, 1908. Kompyuta hukisia uzito wa kila swali, hurekebisha, hurudia, mpaka namba zitulie.

Matokeo huchorwa kwa mishale inayoonyesha jambo gani huathiri lipi, na mishale hiyo ina asili ya ajabu: mwaka 1920 Sewall Wright wa Marekani aliitumia kuchunguza mabaka ya simbilisi!

Kisha huja bahati nasibu. Majibu ya wakulima 200 huchotwa upya mara 5,000, kila jibu likirudishwa kabla ya kuchota jingine. Mkulima mmoja hutokea mara tatu, mwingine hatokei kabisa. Mshale usioyumba katika michoto hiyo ndio unaoaminiwa.