Ulanga Mweusi Unaovimba Motoni

Msomaji wa Jinja anauliza kuhusu vichenga vinavyong'aa katika mchanga wa kujengea, vingine vyeusi, vingine vya rangi ya dhahabu: je, ni mali? Ni ulanga mweusi. Wanajiolojia huuita biotaiti, kwa heshima ya mwanafizikia Mfaransa Jean-Baptiste Biot. Umo katika granaiti nyingi, na ukianza kuoza kwa mvua hupata ile rangi ya dhahabu inayowahadaa watu.

Mali iko upande wa Mbale, Namekara katika wilaya ya Manafwa. Huko, volkano ya kale ya Bukusu iliacha ulanga kwa wingi, tena wenye magnesiamu nyingi, kisha mvua ikaufanyia kazi kwa mamilioni ya miaka.

Kazi yenyewe ndiyo inayonifurahisha. Ulanga ni tabaka juu ya tabaka, kila moja ina unene wa nanomita 1 hivi, na kinachozishikamanisha ni potasiamu. Maji yanayopenya ardhini huiondoa potasiamu polepole, na nafasi yake huchukuliwa na magnesiamu, ambayo haiingii peke yake: huja imezungukwa na maji. Tabaka zinaachana kidogo, hadi nanomita 1.4. Sasa ni vermikulaiti.

Mtazame mpika chapati. Anasukuma donge, analipaka mafuta, analikunja, analisukuma tena ili tabaka zipatikane. Likitua kwenye kikaango cha moto mkali, unyevu uliobanwa ndani hugeuka mvuke ghafla, unazitenganisha tabaka, chapati inavimba. Moto ukiwa hafifu, unyevu hutoroka kidogo kidogo na chapati inakakamaa. Vermikulaiti ni vivyo hivyo. Ikipita sekunde chache katika tanuri la nyuzi 900 hivi, maji yale huwa mvuke kwa mkupuo na chenga hurefuka mara 8 hadi 12, nyingine zaidi, huku ikijipinda. Ikipashwa taratibu, hukauka tu.

Kinachotoka ni chepesi, hakiungui na hushika maji. Hutumika katika vitalu vya miche na katika kuta zinazozuia moto.

Kwa hiyo, ndugu wa Jinja, tupa chenga moja kwenye makaa mekundu, usimame mbali kidogo. Ikirefuka na kujipinda, imeshakuwa vermikulaiti. Ikibaki ilivyo, bado ni ulanga. Dhahabu haichaniki kwa ukucha kuwa tabaka nyembamba, ulanga huchanika.