Baiskeli ya Milimani: Ubadilishe Spea ama Ununue Nyingine?
Gia zinaruka ukipanda mlima? Kabla hujatoa pesa, mwambie fundi akague fremu kwanza. Ikiwa na ufa, usiitilie spea mpya. Anza kuweka akiba ya baiskeli nyingine. Fremu ikiwa nzima, cheni na sproketi zilizoisha zibadilishwe pamoja, maana cheni kuukuu hula meno ya sproketi mpya. Magurudumu ya inchi 29 kwa kawaida hayaingii fremu ya inchi 26, so usinunue kwa macho tu.

Jumlisha bei ya spea na kazi ya fundi. Ikipita nusu ya bei ya baiskeli nyingine nzuri, sisi tungenunua. Ukilipa kwa till, kagua jina la duka kabla ya kuthibitisha, na usifute SMS: ndiyo risiti yako.