Ving'ora vya Moshi na Dhamana ya Mwenye Nyumba

Wasomaji wetu wengi wanao jamaa waliopanga nyumba Uingereza, na wengine wamo mbioni kuwafuata kwa masomo au kwa kazi. Kwa hiyo tumeona yatupasa kuieleza sheria moja ya England, ambayo hata watendaji wetu wa Serikali wanaweza kuchota jambo ndani yake.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2015, mwenye kupangisha nyumba huko hulazimika kuweka king'ora cha moshi katika kila ghorofa inayokaliwa na watu. Chumba kinachowashwa kuni au makaa ya mawe huwekewa king'ora kingine, cha gesi ya kaboni monoksaidi. Mwaka 2022 sheria hiyo ilipanuliwa. Nyumba za halmashauri na za mashirika nazo zikaingizwa, pamoja na mitambo ya gesi na mafuta ya kupashia nyumba joto. Majiko ya gesi ya kupikia hayamo.

Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na king'ora cha moshi hakiitambui. Hutoka penye moto unaokosa hewa ya kutosha, ikashikamana na damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, akaona kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani ni homa, akajilaza humo humo chumbani.

Kilichotuvutia si chombo, maana chombo hununuliwa dukani. Ni kule kutajwa kwa mwenye dhamana. Siku ya kwanza ya upangaji, mwenye nyumba ahakikishe kuwa ving'ora vinalia. Akiarifiwa baadaye kuwa kimoja kibovu, akitengeneze au akibadilishe. Asipotimiza wajibu wake, halmashauri humpa ilani ya siku 28. Akiipuuza, yaweza kumtoza faini isiyozidi pauni 5,000.

Je, sheria hiyo iletwe Visiwani kama ilivyo? Hatudhani. Inahusu moto uliojengewa mahali pake. Jiko letu la mkaa huwashwa uani, na masika yakishuka huingizwa chumbani, mlango ukafungwa. (Nani kati yetu asiyepata kulifanya hilo?) Mkaa uliokwisha kukolea hautoi moshi, nasi hujiona tumesalimika. Hapo tungewaomba wahusika waanzie kwenye dirisha na pahala pa kupikia: asipokee mtu kodi ya chumba kabla ya kumwonesha mpangaji pahala pa kupikia panapopitisha hewa, na likitokea la kutokea, awepo wa kuulizwa.

Ama ndugu zetu walioko England, siku mkabidhiwapo ufunguo bonyezeni kitufe cha kila king'ora mkisikie. Kisipolia, mwandikieni mwenye nyumba siku hiyo hiyo, na nakala ya barua mbaki nayo.