Je, Wajua? Kayamba la Kwale na Manyanga ya Hathor

Je, wajua kwamba Wamisri wa kale walitengeneza manyanga ya ibada kwa mchanga? Waliusaga hadi ukawa unga, wakauchanganya na chokaa kidogo na magadi, wakatia shaba ili kupata rangi ya buluu, kisha wakachoma. Kauri hiyo huvunjika upesi, ndiyo maana mara nyingi tunachokiona leo ni kipande tu: kipini kilichokatika, au uso wa mungu wa kike Hathor, mwenye masikio ya ng'ombe. Jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lina manyanga ya aina hiyo yenye jina la Mfalme Ptolemy wa Kwanza, aliyefariki mwaka 282 KK. Manyanga mengine yalikuwa ya shaba nyeusi, yenye vijiti vya metali vilivyochezacheza. Mlio wake ulifanana na mafunjo yanayopepesuka kando ya mto, na humo kwenye mafunjo ndimo Hathor alimochorwa akitokeza kwa umbo la ng'ombe.

Ndugu wa manyanga hayo bado hutikiswa katika makanisa ya Kiorthodoksi ya Ethiopia.

Huku Kwale, pwani ya Kenya, Wadigo na Waduruma hawakuhitaji kuiga mlio wa matete: walichukua mabua yenyewe na kutengeneza kayamba. Huyapanga safu mbili bapa, huyafunga kwa kamba, na katikati hutia mbegu kavu. Ukilipeleka kulia na kushoto, mbegu zote hukimbia pamoja. Mgeni wa Diani hulisikia hotelini likisindikiza nyimbo za kukaribisha, na ni zuri hata hapo. Lakini nguvu yake hasa imo katika kupunga pepo, mganga anapomshughulikia mwele usiku kucha. Kila pepo ana nyimbo zake, na wapigaji hubadilisha mwendo mpaka yule anayetafutwa aitike. Hiyo ni kazi ya tiba inayodai ustadi mkubwa, na wapigaji wake wanastahili heshima ya mafundi.

Je, wajua pia kwamba kayamba lilivuka bahari? Kisiwani Réunion huitwa kayamb, na hutengenezwa kwa mabua ya maua ya muwa. Ni ala muhimu ya maloya, muziki wa wazao wa watumwa waliotoka Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki. UNESCO iliutambua muziki huo mwaka 2009, mwaka uleule mila za Kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda (Wadigo na Waduruma wakiwemo), zilipoingizwa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Na huko Réunion nako, katika ibada za familia, kayamb hutikiswa usiku kuwaita wazee waliotangulia.