SAA YA MWISHO NI YA NANI?

Waliokua enzi za barua wanakumbuka kwamba posta palikuwa na saa ya kufunga mfuko. Ukichelewa, barua yako ilipokelewa vizuri tu, lakini haikuondoka siku ile. Kupokelewa ni jambo moja, kusafiri ni jingine.

Siku hizi mfuko hatuuoni, tukadhani haupo. Hivi karibuni niliketi na karani wa mishahara huko Ngombezi, wilayani Korogwe, katika nchi ya mkonge. Alikuwa ameagizwa kwa maandishi atume orodha ya malipo siku ya Ijumaa, "mwisho 10:00". Yeye akasoma saa kumi alasiri. Aliyeandika alikusudia saa nne asubuhi. Karani akatuma saa tisa na nusu, akijisifu kuwa amewahi. Kompyuta ikajibu: imepokelewa. Fedha zikaonekana Jumatatu. Jumamosi na Jumapili wakata mkonge walikula kwa mkopo wa dukani.

Kwa nini benki isiwasubiri? Kwa sababu malipo ya namna hii hukusanywa fungu zima, hukaguliwa kama akaunti ina fedha za kutosha, kisha hupelekwa kwenye benki nyingine, nazo zinahitaji muda wa kumwingizia kila mtu chake. Akisubiriwa mmoja, wote wanachelewa. Mfumo wa TISS, ulioanzishwa na Benki Kuu mwaka 2004, huvusha maagizo moja moja. Lakini hata hapo benki yako inaweza kuwa na saa yake ya kupokea agizo lako.

Na saa hiyo ni ya mpokeaji, si yako. Sisi tuko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa. Mtambo unaofuata saa hiyo ukisema unafunga saa sita usiku, hapa kwetu itakuwa saa tisa usiku. Na ukisema saa sita mchana, kwetu ni saa tisa alasiri. Malipo ya dola yanayopitia New York yanakuta kwao kungali asubuhi wakati sisi tunafunga ofisi.

Serikali nayo ina kalenda yake. Kodi iliyokatwa kwenye mishahara hutakiwa ifike TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Anayeingoja tarehe 7 jioni ameweka rehani umeme, mtandao na bahati yake.

Ushauri wangu ni mwepesi. Kwanza, andika saa kwa ukamilifu: "saa 4 asubuhi, yaani 10:00, saa za Tanzania". Pili, hesabu kuanzia mwisho kurudi nyuma: benki inafunga lini, bosi anatia saini lini, mahudhurio ya shambani yanafika lini. Kisha weka saa yako mwenyewe mapema zaidi, ili kosa likionekana kuwe na nafasi ya kulisahihisha. Tatu, usiridhike na neno "imepokelewa". Uliza itaondoka kwa tarehe ipi.

Mkata mkonge amekwisha kutimiza saa yake tangu alfajiri. Si haki alale bila ujira kwa sababu sisi wa ofisini hatukuelewana saa kumi ni ipi.

Hayo ndiyo maoni yangu kwa wiki hii.